Simu ya Jumapili Saa Nane

Kosa lilikuwa langu na la Allan, na sitaki mtu aniambie pole. Pole nimepewa za kutosha hapa Noonkopir, hata na watu ambao hawajui kilichotokea. Nitasema vile mambo yalikuwa, halafu kila mtu aende na hukumu yake.

Mimi ni Rahab, ingawa hapa naitwa Mama Nduta. Niko na kibanda cha chai na mandazi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Chai yangu ilisifiwa kwa sababu moja tu, na haikuwa mkono wangu. Ilikuwa maziwa ya ng'oto Soipan. Ng'oto ni "mama wa" kwa Kimaasai, na hivyo ndivyo nilivyosikia wenzake wakimwita, basi nikamwita hivyo hivyo. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka boma lao, upande wa kwenda Isinya, mitungi miwili ya maziwa mgongoni na kamba kipajini. Siku moja nilimkuta ameketi kwa benchi yangu analia. Mume amekufa, ndugu za mume wanakata shamba ploti. Baada ya mwaka hakukuwa na boma wala ng'ombe. Alihamia nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibanda changu, na watoto wake wawili, Allan na Soipan.

Allan ni mtu wa maneno machache. Alipata kazi Magadi, huko kwenye joto, na anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Huyu Soipan ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake. Alifanya kazi ya shule chini ya meza yangu ya mandazi, miguu imetokea nje. Alikuwa na adabu ya kwao: akikutana na mtu mzima anainamisha kichwa na kungoja, mpaka huyo mtu amguse utosini kwa kiganja. Aliwainamia wateja wangu wote. Aliwainamia hata walevi, na walevi wakaona haya wakapunguza matusi. Akiwa kidato cha tatu alianza kwenda kwa mzee Kiragu, jirani yetu ambaye watoto wake walikuwa wamemsahau, anamwosha miguu na kumkata kucha. Hakuna mtu alimtuma. Nilimuuliza kama hasikii harufu, akaniambia anaisikia, lakini mzee Kiragu pia anaisikia.

Basi alipomaliza shule akasomea mambo ya kutunza wazee, akajifunza Kijerumani jioni, akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kujitolea kwenye nyumba ya wazee. Watu hapa walishindwa kuelewa. Kujitolea? Mtu apande ndege aende Ulaya kufanya kazi ya bure? Kanisani wengine walisema anaficha, ati ameajiriwa na hataki kuombwaombwa. Lakini ilikuwa kweli. Alipewa kitanda, chakula na kitu kidogo cha mfukoni, na ahadi kwamba akimaliza miezi yake kumi na minane atapata nafasi ya chuo cha uuguzi huko huko.

Siku aliyoondoka, mama yake alimbariki hapo nje, mbele ya kibanda. Alichukua kibuyu cha maziwa, akanywa kidogo, akamtemea Soipan kichwani na kwenye viganja, tf, tf, kidogo kidogo, huku akimwomba Enkai, ndiye Mungu wao, amwongoze. Kwao mtoto haanzi safari ya mbali bila hayo. Mimi Mkikuyu wa kanisa nilitokwa na machozi kama mtoto.

Tukapatana kwamba Soipan atapiga simu kila Jumapili saa nane, kwa simu yangu, kwa sababu mama yake simu yake aliiweka mahali na hakuna aliyewahi kuiona tena. Nilipaswa kujua hapo. Si simu tu. Alianza kuweka chumvi kwa chai mara mbili. Akaanza kuniuliza Nduta wangu ataanza shule lini, na Nduta ako na watoto wawili. Halafu ikaja ile ya jioni. Saa ya kukama ikifika, anainuka, anachukua kibuyu, anatoka kwenda kukama ng'ombe ambao waliuzwa miaka kumi iliyopita. Namfuata barabarani, namshika mkono, ananikasirikia kwamba ndama watalala njaa.

Lakini kwa simu! Kwa simu alikuwa mzima kabisa. Salamu za Kimaasai ni ndefu na zina njia yake. Soipan anasema, "Takwenya, yeyo," yaani salamu kwako mama, naye anajibu, "Iko." Anaulizwa za nyumbani, anajibu njema. Za watoto, njema. Za ng'ombe, njema. Mvua, nyasi, majirani, njema, njema, njema. Maneno hayo yalikuwa yamekaa kwake ndani sana, ugonjwa haukuwa umeyafikia. Akimaliza kuyajibu yote, dakika zimekwisha, na Soipan ananiambia, "Mama Nduta, asante, namsikia ako sawa." Na mimi nasema ako sawa.

Nilisema hivyo mwaka mzima. Allan na mimi tuliketi tukakubaliana: mtu aliye mbali haambiwi mabaya. Utamwambia afanye nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Atalia peke yake kwenye baridi, aache kazi, apoteze chuo. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwetu tangu zamani, ndivyo walivyonificha mimi kifo cha baba yangu mpaka nikashuka kwenye gari nikaona watu wamejaa uani. Ungedhani mtu aliyefanyiwa hivyo hatawahi kumfanyia mwingine.

Soipan alikuja likizo mwezi wa kumi na mbili, wiki tatu. Mama yake alikuwa ameketi kwa benchi, nimemwosha na kumvalisha shanga. Msichana alishuka kwenye gari, amenenepa kidogo, nywele amekata fupi, akaja mbio, halafu akakumbuka adabu akainamisha kichwa. Mama akamgusa utosini. "Takwenya." "Iko." Za huko, njema. Za safari, njema. Soipan akainua uso anacheka. Mama akamtazama kwa upole, akamgusa tena utosini. "Takwenya." Soipan akajibu. Mara ya tatu mama aliponyoosha kiganja, nikaona kicheko cha msichana kinakufa usoni. Hiyo ndiyo kazi yake, anaishi na wazee wa namna hiyo usiku na mchana. Hakuhitaji mtu wa kumwambia.

Wanasema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Sisi tuliumbuliwa mapema. Alinivuta nyuma ya kibanda, na hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza.

"Tangu lini, Mama Nduta?"

Nikamwambia tangu mwaka jana.

"Na mimi naosha mama za watu," akasema. "Mama za watu."

Siku mbili hakuongea na mimi. Siku ya tatu alikuja kunisaidia kukanda unga kama zamani, na hatukurudia hayo maneno.

Nitasema ukweli, alimtunza mama yake kuliko sisi sote. Alitufundisha, mimi na Dinah, mama mjane wa ukoo wao aliyeletwa na Allan kutoka Rombo akae naye. Alisema tusimbishie. Akisema ng'ombe wamerudi, tumuulize ni wangapi na wa rangi gani. Saa ya kukama ikifika, Soipan anamkalisha kwenye kigoda, anampa kibuyu na kijiti cha mzeituni wa porini kinachowaka mwishoni, na mama anasugua kibuyu ndani vile wanavyofanya ili maziwa yasiharibike na yanukie moshi. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Wanakaa hivyo mpaka jua linazama, hakuna anayetoka kutafuta ndama. Jioni mbili tatu nilianza kuamini Mungu ametuhurumia.

Lakini mama hakumjua. Hakumjua hata dakika moja. Alimwita "msichana." Alimwambia yeye ni msichana mzuri, ana mkono mwepesi, na kwamba Soipan akija atamshukuru. Alikataa kuoshwa naye. Alisema mtoto wa wenyewe hawezi kumwona uchi, akaitwe Dinah. Soipan akimwambia, "Yeyo, mimi ndiye Soipan," mama anacheka kwa adabu kama mgeni aliyetaniwa. Kule Ulaya kuna mama mmoja mzee, Soipan aliniambia, ambaye kila asubuhi humwita Birgit. Birgit ni binti yake, anakuja mara mbili kwa mwaka. Soipan huitika, ndiyo mama, na mama huyo anakula. "Kule niko na jina ambalo si langu," akasema. "Hapa langu limekataa kunikaa."

Wiki ya pili Dinah alienda kuteka maji na mama akatoka. Tulimpata pale boma lao lilipokuwa, ambapo sasa kuna majumba ya kupangisha na geti refu la chuma. Alikuwa anavuta geti kwa mikono miwili. Alivuka Namanga Road peke yake na malori yote yale, sijui vipi. Musila, askari wa geti, alikuwa amemwekea kiti na amekataa kumfukuza. Mama alimwambia amefungia ng'ombe za watu nje. Soipan alimshika mkono, na mama akamfuata taratibu, akimshukuru njia nzima kwa kumsindikiza.

Usiku huo msichana alikata shauri. Asubuhi akaniambia harudi Ulaya. Atawaandikia barua, wamsamehe, atabaki hapa. Niliulizia chuo, akasema chuo kitapata wengine. Sitadanganya, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia Mungu ambariki, na moyoni nilikuwa nahesabu siku ambazo nitalala bila kutega sikio kwa mlango wa jirani.

Halafu ikafika Jumapili.

Hatukufikiria, wala mimi wala yeye. Jumapili mbili za kwanza tulikuwa tumeenda kwa watu wao, upande wa Kajiado, kelele na nyama, ikapita. Hii ya tatu tulikuwa nyumbani. Baada ya chakula mama alienda akavaa shanga zake mwenyewe, akaja akaketi karibu na mimi, akatazama simu yangu juu ya meza. Hajui siku, hajui mwaka, hajui kama mumewe amekufa, lakini hiyo alijua.

"Leo Soipan anapiga," akasema.

Soipan alikuwa ameketi upande wake wa pili, amemshika mkono. Akamwambia, "Yeyo, niko hapa." Mama akampigapiga mkono, akamwambia angoje atamsikia, binti yake anaongea vizuri.

Saa nane ikapita, na saa tisa. Tulimpa chai, akakataa. Tukamwimbia, Soipan anajua kuimba, akabaki anatazama simu. Karibu saa kumi alianza kulia, na si kilio cha kitoto. Alinitazama machoni, mimi rafiki yake, akasema, "Mama Nduta, Soipan amekufa na mnanificha."

Nilikosa mahali pa kuweka uso. Mwaka mzima nimeficha na hakuna aliyenishika. Sasa nashikwa kwa jambo ambalo sikuficha, na mtoto mwenyewe ameketi pale.

Soipan aliinuka akazunguka nyuma ya ukuta wa mabati. Simu yangu ikalia.

Mama aliinyakua. "Takwenya," nikasikia sauti ya Soipan ikitoka mara mbili, kwa simu na kwa nyuma ya ukuta. "Iko," mama akajibu, na uso wake ukafunguka. Mimi nimemjua huyu mama miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona amefurahi hivyo. Za huko, njema, za ng'ombe, njema. Lakini siku hiyo hakuishia kwa salamu. Alimwambia goti linamuuma. Alimwambia mimi siku hizi nauza chai ya maji. Alimwambia hapa nyumbani kuna msichana mmoja anamtunza, mpole sana, lakini ana huzuni, labda hana watu. Akamwambia, nakuota kila siku. Wiki tatu hakumwambia hata neno moja kati ya hayo uso kwa uso.

Nilichungulia kwa tundu la mabati. Soipan alikuwa amechuchumaa kando ya tangi la maji, simu sikioni, mkono mwingine umefunga mdomo wake kila anapomaliza kujibu.

Aliporudi kuketi, mama alimwambia kwa furaha, "Binti yangu amepiga. Ako mzima."

Jioni tulikuwa tunaosha vikombe, akaniambia atarudi Ulaya siku ile ile ya tiketi. Nikamuuliza kwa nini asibaki, si atakuwa anapiga simu akiwa hapo nyuma ya mabati? Hata kabla sijamaliza nilijua nimesema upuzi. Alikifunika kikombe juu ya meza.

"Nikiwa hapa mimi ni mtu wa kazi," akasema. "Soipan wake ako mbali. Nikirudi, angalau mama ako na mtoto."

Sijui. Pengine ni kweli. Pengine alikuwa amechoka pia, na vijana wanajua kupata sababu nzuri ya kuondoka. Allan alipokuja alisema ni sawa, aende chuo, mama hajui tofauti. Sikupenda vile alisema. Lakini hata mimi nilitaka abaki kwa ajili ya usingizi wangu. Hakuna kati yetu aliyekuwa msafi.

Siku ya kuondoka gari lilikuja saa sita mchana. Melvin, kijana wa teksi wa hapa Noonkopir, akapakia sanduku. Soipan alikuwa amenunua maziwa asubuhi, akayaweka kwenye kile kibuyu walichosugua pamoja, akamletea mama yake kwenye benchi. Halafu akapiga magoti vumbini akainamisha kichwa. Ile shingo, na nywele fupi, na mimi namwona vile alikuwa akiwa darasa la tano.

"Yeyo, naenda safari. Nibariki."

Mama alikiangalia kibuyu, akamwangalia yeye. Alimgusa utosini kwa huruma. Lakini hakunywa. Alikifunika kibuyu.

"Hii ya safari ni ya mtoto wangu," akasema. "Nikikupa wewe, nitampa nini yeye? Nenda kwa mama yako akubariki."

Soipan hakuinuka. Mama akampigapiga bega, akimwambia asilie, mama yake atampa tu, hakuna mama anayenyima.

Dinah alikimbia ndani. Melvin akageuka akajifanya anaangalia gurudumu. Na mimi, ambaye niliharibu yote kwa simu, nikaona hakuna kingine nilicho nacho mkononi ila hiyo simu. Nilimwinua Soipan, nikamwambia sikioni atoke nje ya geti letu fupi, kwenye gari, apige. Alinitazama kama nimerukwa na akili, halafu akaelewa.

Simu ililia. Haikuwa Jumapili, na mama hakujali. "Takwenya." "Iko." Nilikuwa nimemshikia simu mbele ya mdomo, nikasikia Soipan akisema kwa Kimaasai, polepole, kwamba yuko njiani, anaanza safari, anaomba baraka. Mama alisimama. Alikuwa mtu mzima tena, mgongo umenyooka. Alifungua kibuyu, akanywa, akamwita Enkai kwa sauti ambayo sijaisikia tangu enzi za boma, akamtaja mtoto wake kwa jina, Soipan, Soipan, barabara iwe laini, watu wakupende, urudi unikute. Halafu akatema, tf, tf, tf, kwenye simu. Maziwa yakanirukia vidoleni.

Juu ya geti niliona kichwa cha Soipan, hatua kumi hivi kutoka tulipokuwa. Alikuwa amekiinamisha kando ya gari, hakuna mtu mbele yake.

Mlango wa gari ukafungwa. Mama alifunika kibuyu, akapangusa mdomo, akaketi. Alikuwa ametulia kabisa. Vumbi la gari lilikuwa bado halijashuka alipogeuka kulitazama geti.

"Yule msichana ameenda?"

Nikamwambia ameenda.

"Hivyo tu, bila mtu kumbariki?" Akatikisa kichwa. "Mtoto mzuri vile. Kwani hana mama?"

"Ako naye," nikamwambia. "Ako naye, ng'oto Soipan."

Akasema basi huyo mama ni mtu wa namna gani, akaniomba chai.